Kengele ya Nyumba ya Nyuma

Likasi, 9 Juni 2024

Mama mukwe Colette,

Yambo yenu sana. Sisi tuko wazima, na mimba ya Plamedie inakua vizuri. Ninawaandikia kwa sababu binti yenu amenikataza kushika simu yake mnapoongea. Anasema sauti ya mukwe ndani ya sikio la mama mukwe ni sawa na kukaa naye kwenye kiti kimoja, na kwamba sisi Basanga hatujui heshima ya Baluba wa Kasai. Tunaijua, Mama. Kwetu pia mukwe anaogopwa. Lakini huu ni mwaka wa pili tangu ndoa, na mimi nimewaona mgongo tu, siku ile ya arusi, mlipokimbilia jikoni niliposhuka kwenye gari. Basi Étienne, yule dereva wa kanisa lenu, amekubali kubeba barua kila anapopita.

Habari kubwa ni hii: tumenunua nyumba! Ni nyumba ya zamani, ya wakati mji huu ulipoitwa Jadotville, ya matofali mekundu, yenye dari ya juu na barza pana mbele. Barabarani imesimama mijakaranda miwili. Ndani ni giza kama ghala. Kuta zimepakwa rangi ya mafuta ya kahawia mpaka usawa wa kifua, namna ya ofisi za zamani, na mzee aliyetuuzia alikuwa ameziba madirisha mawili ya mbele kwa matofali kwa kuogopa wezi. Siku ya kwanza nilichukua nyundo nikayafungua. Jua liliingia mpaka ukuta wa mwisho. Plamedie alilia, halafu akasema ni vumbi.

Mama, ninaomba jambo moja. Mtoto atazaliwa mwisho wa Septemba, na ni wa kwanza. Daktari anasema damu ya Plamedie inapanda kidogo, asibaki peke yake, na mimi ninashinda Kakontwe kwenye tanuru za chokaa, kwa kazi yangu ya umeme. Yeye hasemi kitu, lakini kila gari likisimama mlangoni anainuka kwenda kuangalia. Anawataka ninyi. Njooni mkae naye, kama desturi inavyotaka. Nitawatengenezea mahali penu, pa heshima, mpaka wenyewe mshangae.

Mukwe wenu,
Gracien Kalenga


Mulungwishi, 16 Juni 2024

Mukwe wangu Gracien,

Barua yenu nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili na kalamu nyekundu. Makosa saba. Kwa fundi wa umeme si mabaya, lakini mtoto akianza shule mtaniachia mimi madaftari yake.

Nyumba! Nilipiga vigelegele peke yangu hapa ndani mpaka jirani yangu Delphine akaja mbio kuuliza, "Nani anaolewa?" Marehemu baba yake Plamedie alikufa akiwa mpangaji, na alikuwa anasema kila mara kwamba angetaka kupigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa ya mtu. Pigilieni mmoja kwa niaba yake.

Sasa msikilize mwalimu. Rangi ile ya kahawia ikwanguliwe yote. Msipake juu yake, itajitokeza tena kama doa la mafuta kwenye shati. Chokaa mnayo hapo Kakontwe. Ilowekeni siku saba kwenye pipa, muichuje kwa kipande cha pazia kuukuu, halafu mtie chumvi, konzi mbili kwa ndoo moja. Bila chumvi itampaka kila atakayeegemea. Sebule ipakeni njano, njano ya kiini cha yai la kuku wa kijijini, si la kuku wa kiwandani. Mtoto anayefungulia macho kwenye ukuta wa kahawia atakuwa karani. Mapazia ni kazi yangu, nitumieni vipimo vya madirisha.

Nitakuja. Mlidhani nitaacha mtu mwingine amwogeshe mjukuu wangu? Juu ya kulala, msijisumbue. Godoro na ukuta vinatosha, mradi mimi na ninyi tusikutane mlangoni mwa bafu.

Mama mukwe wenu,
Colette


Likasi, 7 Julai 2024

Mama,

Chumvi nilisahau. Jumapili iliyopita niliegemea ukuta wa barza nikimsubiri Plamedie afunge kitambaa, tukaenda kanisani, na mimi ndiye niliyetumwa kupitisha kapu la sadaka. Nikasikia kicheko kinanifuata kutoka benchi hadi benchi. Mgongo wangu wote ulikuwa mweupe kama wa malaika. Jumatatu nilitia chumvi konzi tatu.

Lakini nyumba inang'aa! Kahawia imetoka yote, ila nyuma ya mlango wa stoo. Sebule ni njano ya yai la kijijini, niliwaita mashahidi. Sakafu ya saruji nyekundu tuliisugua mimi na jirani Théodore, tukaipaka nta, sasa mtu anajiona miguu. Mlango wa mbele ni kijani. Matofali yaliyoziba madirisha nimeyajengea benchi pale barzani. Plamedie anakaa hapo jioni, anaweka mkono juu ya tumbo, na wapita njia wanamsalimia.

Sasa fungueni masikio, hii ndiyo habari yenu. Nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kuvuka ua, kuna nyumba ndogo ya chumba kimoja, ile watu wanaita aneksi. Ina mlango wake, choo chake, bafu lake. Hatutakutana popote! Nimeipaka njano pia, nimeweka kitanda kipya na taa. Na nimegundua kitu. Juu ya mlango kuna kengele ya shaba ya zamani, iliyojaa kutu ya kijani, na waya wake unatoka jikoni kwa nyumba kubwa. Nimeisugua na ndimu na majivu mpaka imekuwa kama mpya. Chakula kikiwa tayari, mtu anavuta waya jikoni, kengele inalia chumbani kwenu, nanyi mnakuja kula. Mimi sina haja ya kuwaita wala kukaribia mlango wenu. Tena haitegemei umeme.

Théodore alipoisikia ikilia akashika kichwa: "Eh, Gracien, weye uko na akili! Mama mukwe yako atakuwa hapa sawa malkia."

Mukwe wenu mwenye furaha,
Gracien


Likasi, 28 Julai 2024

Mama,

Wiki tatu bila jibu. Étienne anasema barua alikabidhi mkononi mwenu. Plamedie anasema mlimwambia kwenye simu kwamba mnaumwa goti, na kwamba safari ya kuja mnaona ni ngumu. Poleni sana na goti.

Nimefikiri. Njano mliomba ya sebule, hamkuomba ya chumba chenu. Labda nimewaudhi kwa kuwapa ninyi rangi ya mabaki ya ndoo. Nimepaka aneksi upya, bluu nyepesi, rangi ya mbingu ya mwezi huu. Nimeweka mbele ya mlango vyungu viwili vya maua. Kengele nimeiwekea waya mpya na springi mpya, sasa inalia kwa nguvu zaidi. Hata mkiwa mmesinzia mtaisikia.

Gracien


Likasi, 11 Agosti 2024

Mama,

Sasa ni kijani.

Étienne nimemuuliza habari ya goti. Alinicheka: "Goti gani? Mama Colette? Niko namuona kila siku anapanda mulima na kitunga ya mihogo ku kichwa!"

Basi siyo goti. Ni mimi. Niambieni nilichokosa, Mama, nitakitengeneza. Daktari amemlaza Plamedie kitandani tangu juzi, asisimame ila kwa haja. Ninapokuwa kazini, anakaa naye mke wa Théodore, lakini macho yake yako mlangoni. Sitaki azae bila ninyi kwa sababu ya kosa langu.

Gracien


Likasi, 18 Agosti 2024

Mama weeh,

Ni mimi Plamedie, ninakuandikia nimelala upande wa kushoto, kama daktari alivyoamuru, sawa samaki aliyekaangwa upande mmoja tu. Mwandiko usiutie kalamu nyekundu.

Mama, mume wangu anaharibika. Kila Jumamosi anakwangua aneksi na kuipaka tena. Kutoka dirishani ninamsikia akiongea na ukuta. Jana nilimwita nikamuuliza, "Gracien, uko naongea na nani?" Akasema, "Niko nauliza ukuta kama mama anapenda rose." Na ameipaka rose, rangi ya waridi! Majirani wanadhani tunafungua saluni ya nywele.

Mimi ninaogopa. Ninasema waziwazi, ninaogopa kuzaa. Damu ikipanda ninasikia masikioni kama mtu anatwanga majani ya sombe. Nilipokuwa mtoto uliniambia siku yangu ikifika utanishika mgongo. Sasa siku inafika na wewe unaniambia goti. Ukisema tena goti, nitatoka kitandani nije Mulungwishi kwa miguu, na Étienne atakuambia amenipita wapi.

Sema ukweli, Mama. Ni kitu gani?

Mtoto wako,
Plamedie


Mulungwishi, 21 Agosti 2024

Plamedie binti yangu,

Kwanza lala vizuri ndipo usome. Goti langu ni zima.

Siku zote niliwaambia kwamba babu yenu Octave alikuwa mfanyakazi hapo mjini. Ni kweli, ila sikusema kazi gani. Alikuwa boi. Alipika na kufua kwa bwana mmoja na bibi yake, wazungu, katika nyumba ya matofali kama hiyo yenu, na sisi tulilala nyuma. Mume wako anaiita aneksi. Sisi tuliita boyeri, kwa sababu ndiko walikolala maboi. Tulikuwa watu saba katika chumba kimoja. Kidirisha kilikuwa kimoja tu, kimeelekezwa ukuta wa nyuma, tusije tukaangalia meza ya wenye nyumba. Usiulize kama ni nyumba hiyohiyo. Siyo. Ile ilibomolewa zamani. Nilienda mwenyewe kuona, nikafurahi.

Juu ya mlango ilikuwepo kengele ya shaba, na waya wake ulitoka jikoni kwa bibi. Ilipenda kulia wakati tunakula. Baba alikuwa anakaa, mama anamwekea bukari na sombe, anamega, anachovya, na kengele inalia. Tonge linarudi kwenye sahani. Anafuta mkono, anavaa koti lake jeupe, anakimbia. Akirudi, bukari imekuwa baridi na ngumu. Katika miaka ile yote sikumwona baba yangu akimaliza sahani yake. Nilikuwa na miaka kumi nilipojiapia kwamba mimi sitalala tena nyuma ya nyumba ya mtu, wala sitaitwa na kengele.

Sasa mume wako ananiandalia chumba hichohicho, na waya kutoka jikoni, na kengele ameisugua kwa ndimu! Nilipofika mahali pa ndimu nilicheka, halafu nikalia, halafu nikakasirika, na hasira haijatoka. Ninajua amefanya kwa heshima. Ndiyo sababu sikuandika. Nikimjibu nitamuumiza, na nikinyamaza ninaona ninamuumiza vilevile, maskini, yeye na rangi zake. Lakini kulala mle sitaweza, hata akipaka dhahabu.

Usimwambie. Nitakuja kukushika mgongo, hiyo usiwe na shaka. Nitatafuta mtu wa kwaya ya kanisa letu huko Likasi anipe pa kulala, niwe ninakuja asubuhi na kurudi jioni.

Mama yako


Likasi, 25 Agosti 2024

Mama,

Plamedie hakuniambia neno. Aliweka barua yenu chini ya sahani yangu, akarudi kitandani akiimba wimbo wa kanisa. Nilisoma. Bukari yangu ikapoa, na mimi pia sikumaliza.

Nisameheni. Nimepaka tusi moja rangi nne.

Baba yangu alikuwa mvuvi, na babu yangu vilevile, hakuna mtu wa kwetu aliyelala boyeri. Kwangu mimi chumba cha nyuma kilikuwa chumba cha nyuma, na kengele ilikuwa kitu kizuri cha shaba. Ningewauliza kwanza. Nilitaka kuwashangaza, sikuuliza, na hapo ndipo nilipokosea. Ninaona aibu, Mama, aibu ya kweli, kila nikiona ule waya juu ya ua.

Nilipanda ngazi na koleo ili niukate. Halafu nikashuka, kwa sababu nilipata wazo lingine.

Ninyi mtalala katika nyumba kubwa. Chumba cha mbele, chenye yale madirisha mawili niliyofungua siku ya kwanza, si chumba chetu cha ndoa, msiogope. Mtapita kwa mlango wa mbele, ule wa kijani, na mtakaa kwenye benchi la barza jioni mkisalimiwa na wapita njia. Nyuma nitalala mimi, tangu siku mtakayofika mpaka siku mtakayochoka nasi. Kukutana hatutakutana. Na waya utabaki pale ulipo, lakini upande wa jikoni mtakuwa ninyi. Mkinihitaji, mtavuta, nami nitakuja mbio.

Leo mchana nimevunja ukuta wa boyeri upande wa bustani na kutia dirisha kubwa. Kidirisha cha nyuma, kilichokuwa kama kile chenu, nimekiziba.

Gracien


Mulungwishi, 1 Septemba 2024

Mukwe wangu,

Makosa matatu tu. Mnaendelea.

Barua yenu nilimsomea Delphine, akasema, "Mwanaume mwenye nyumba alale boyeri? Batu ba Likasi batasema nini?" Nikamjibu, "Baseme. Nitakuwa ndani, sitasikia." Tulicheka mpaka chai ikamwagika kwenye pazia la jikoni lenu. Doa liko, msiliulize.

Nimekubali, kwa masharti. La kwanza: godoro jipya mlilonunulia boyeri libaki huko huko, mgongo wenu unafanya kazi. La pili: rose ile itolewe kabla mjukuu wangu hajaiona. La tatu: kengele sitaivuta. Baba yangu alikimbizwa na kengele maisha yake yote, mimi sitamkimbiza mtoto wa mtu. Nikiwa na neno nitaliandika, nitalibana kwenye kamba ya nguo pale uani, nanyi mtalichukua mkitoka kazini.

Nitafika Jumamosi tarehe 14, na Étienne. Muwe hampo. Mkiwepo, mjifiche vizuri.

Colette


Nyumba kubwa, 16 Septemba 2024

Mukwe,

Nimekagua. Sebule: vizuri sana. Sakafu: nilikaribia kuanguka, nta imezidi. Barza: niliegemea kwa makusudi, na nguo yangu nyeusi ilitoka safi. Nyuma ya mlango wa stoo kahawia bado iko, nimeiona, msidhani sikuiona.

Mapazia yameenea. Leo asubuhi niliketi na kahawa yangu mbele ya madirisha yale mawili. Mijakaranda imeanza kutoa maua. Nilikaa mpaka kahawa ikapoa, na hakuna mtu aliyeniita. Asante.

C.


Aneksi, 17 Septemba 2024

Mama,

Huku niko vizuri, ila sasa ninajua saa nane mchana bati la boyeri linafanya nini kwa kichwa cha mtu. Na mlikuwa saba! Mimi ni mmoja na nilitoka nje kukaa chini ya ngazi. Nitaweka dari ya mbao kabla ya mvua, asilale tena mtu humu akichemka, hata awe mgeni wa siku moja.

Samaki wa jana walikuwa watamu. Niliwala kwenye ngazi, nikalamba vidole.

G.


Kitandani, 22 Septemba 2024

Kwenu wote wawili,

Mmetenganishwa na hatua kumi na mbili na mnaandikiana kama watu wa Ulaya. Kamba imejaa barua, nepi za mtoto zitaanikwa wapi? Mama, yeye anauliza kama sombe ilikuwa na karanga. Gracien, ilikuwa nazo. Mimi si posta.

Damu yangu imeshuka. Daktari ameuliza ninakunywa dawa gani mpya. Nikamwambia, Mama amefika.

Plamedie


Aneksi, 1 Oktoba 2024

Mama,

Ninawaandikia sasa kwa sababu juzi hospitalini hatukuongea, na kwenye gari mlifunika kichwa kwa kitenge.

Jumapili saa nne asubuhi nilikuwa ninanyoa ndevu. Kengele ikalia. Wiki mbili haikulia hata mara moja, nilishasahau kama ipo. Ililia kama inataka kutoka ukutani, halafu ikakatika ghafla. Nilikimbia na sabuni upande mmoja wa uso, nikafungua mlango wa jikoni, na pale mlikuwa ninyi, uso kwa uso, na kipande cha waya mkononi. Mama, mnafanana na Plamedie kabisa! Hilo tu nililopata kuliona kabla kitenge hakijashuka. Chini ya kitenge ikatoka sauti: "Gari! Leta gari! Na usiniangarie!"

Nilitii yote. Sikuwaangalia njia nzima. Niliendesha nikitazama mbele kama mtu wa mtihani, na nyuma nilisikia mkimwambia, "Nimekushika mugongo, mutoto wangu, nimekushika, pumua." Maneno hayo sitayasahau.

Saa nane mchana muuguzi alitoka akasema, "Baba, ni mutoto mwanamuke, muzuri, kilo tatu." Nilimkumbatia muuguzi. Nikamkumbatia na mlinzi. Mtoto anaitwa Jaël, jina alilochagua mama yake, na pua ni yangu, samahani.

Waya umekatika kwa jikoni. Niambieni: niutengeneze, au niutoe kabisa? Safari hii ninauliza kwanza.

Gracien


Nyumba kubwa, 12 Oktoba 2024

Gracien mtoto wangu,

Utengeneze.

Nilisema sitaivuta, na mkono wangu ulienda wenyewe. Plamedie aliniita mara moja tu, kwa sauti ile, na mimi nikarukia waya bila kufikiri. Kisha nikautazama ule waya mkononi, nikaona nimefanya kama bibi yule alivyofanya. Halafu nikasikia mlango wa boyeri ukifunguka kwa kishindo, na miguu yako uani. Nilifurahi. Ninakuambia kweli, nilifurahi kusikia kengele ile, mimi, Colette binti wa Octave. Sikujua kama inaweza kulia hivyo.

Mbuzi uliyemleta juzi kwa heshima yangu ameonwa na wazee wa kwetu walio hapa mjini. Kwa desturi yetu mbuzi akishapokelewa, mukwe na mama mukwe wanaweza kutazamana na kula pamoja. Mimi nimechoka kukimbilia jikoni, na jikoni kwenu sasa ni kuzuri mno kwa kujificha. Ile kahawia ya nyuma ya mlango wa stoo nimeikwangua mwenyewe.

Leo nimepika kuku, bukari, na sombe yenye karanga. Sahani yako iko mezani, sebuleni, upande wa dirisha. Nikimaliza kupakua nitavuta waya. Njoo kwa mlango wa mbele. Ukae, umege, uchovye, ule mpaka mwisho, wakati bukari ni moto. Mimi nitakaa mbele yako na Jaël mapajani, nikuangalie unavyomaliza. Na hata nyumba ikiungua, hakuna atakayegusa kengele mpaka sahani iwe tupu.

Mama yako,
Colette


Aneksi, siku hiyohiyo

Mama,

Imelia. Ninakuja. Mikono nimeshanawa.

Gracien